Mama Damaris Pasapan na Breki za Pikipiki Namba Nne

Baada ya miaka thelathini na minne ya kuzalisha akina mama wa milimani, Mama Damaris Pasapan, mkunga wa zahanati yetu ya Buntu Lepong, anastaafu leo, tarehe 31 Mei 2019.

Aliripoti kazini mwaka 1985 akiwa na sanduku la bati na hofu ya pikipiki. Mwaka uliofuata alikabidhiwa pikipiki mpya, namba nne, na ndani ya wiki mbili hofu ilimwisha, pamoja na ukuta wa jiko la mchungaji aliougonga. Tangu hapo amepokea watoto 2,114. Watatu kati yao ni watumishi wenzetu, na wakimbishia kikaoni huwakumbusha walivyolia siku ya kwanza.

Oktoba 2001 aliitwa bondeni kwa Mama Ludia, aliyeshikwa na uchungu. Mvua ilikuwa imenyesha. Pikipiki ilikuwa na miaka kumi na mitano, na breki zilikuwa zimetengenezwa juzi yake nyumbani na Rante, mdogo wa mumewe. Kwenye mteremko wa kanisani alikanyaga breki ya nyuma, akabana ya mbele, pikipiki haikushika. Kushoto korongo, kulia shamba la mpunga. Alichagua mpunga, akavunjika mtulinga. Mama Ludia alijifungua bila mkunga, na mtoto hakuishi.

Mumewe, Bwana Lukas, alimwomba aache kazi. Rante hakuonekana kwa siku tisa. Siku ya kumi Mama Damaris alimwita, na mimi ninayeandika haya nilikuwepo, nimempelekea dawa.

"Shemeji, sikukuita nikugombeze," alimwambia, mkono ukiwa umefungwa kitambaa shingoni. "Zifungue hizo breki, uzifunge tena kama ulivyofanya siku ile. Mimi nitatazama tu."

Rante alitoa magurudumu, akapangua breki shuu, vile vipande vinavyobana gurudumu kwa ndani, akazisugua kwa msasa. Akapaka grisi kwenye kile chuma kidogo kinachozipanua, kisha kwa vidole vilevile akaziokota azirudishe. Hapo akaganda. Alama za grisi za vidole vyake zilikuwa zinang'aa palepale breki inapobana, mahali pasipotakiwa kuteleza. Akakaa chini, akalia bila sauti.

Mama Damaris akamsogezea sabuni. "Nawa, uanze upya. Kuna watu wanatungoja."

Breki shuu zilizoingia grisi zilitupwa, zikafungwa mpya. Aliyeshuka na pikipiki hiyo mteremko wa kanisani kwa mara ya kwanza alikuwa Rante mwenyewe, Mama Damaris akimtazama kutoka juu hadi aliposimama chini.

Wiki ya nane Mama Damaris alirudi kazini, na safari yake ya kwanza ilikuwa kwa Mama Ludia. Walichozungumza hatukijui. Tunachojua ni kwamba watoto watatu wa Mama Ludia waliofuata wote walipokewa na yeye.

Kuanzia mwaka ule, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, pikipiki zote saba za zahanati hupanguliwa breki barazani kwa Mama Damaris. Rante hushika spana, Bwana Lukas hukaanga ndizi, na Mama Damaris hukagua mikono ya kila anayesogea. Mganga mkuu amerudishwa bombani kunawa mara mbili. Kwa zaidi ya miaka kumi na saba hakuna mtumishi wetu aliyeanguka kwa sababu ya breki. Kazi hiyo itaendelea. Rante amekubali, kwa sharti kwamba sabuni itolewe na zahanati.

Tulipomuuliza Mama Damaris angependa zawadi gani, tulitarajia atataja saa ya ukutani. Alisema ameshuka mteremko ule maelfu ya mara, macho yakiwa barabarani, na hajawahi kuliona bonde. Anataka mtu ampakie. Rante anamsubiri nje, pikipiki ikiwa tayari.

Asante, Mama Damaris, kwa yote uliyotufanyia. Leo keti nyuma, utazame bonde lote. Tunakuombea afya njema na siku nyingi za utulivu.