Dawa Mpya ya Yusra

Benchi letu hapa Sfax liko kando ya duka la dawa, na kahawa inatoka mkahawa wa jirani. Asubuhi ile kahawa ilipoa vikombeni. Binti wa mwenzetu Munsef, Yusra, alikuwa ndani kama mabibi harusi wetu wote, asiguswe na jua mpaka siku ya ndoa, na uso wake ulijaa chunusi zenye usaha. Miaka miwili alipaka antibiotiki, ile tunayoazimana mtaani kama chumvi. Sasa haimsaidii. Daktari wa chuo kikuu alimwambia aiache, aingie katika majaribio ya dawa mpya ya kupaka, na alitaka jibu kabla ya adhuhuri. Yusra alikataa kwenda bila ruhusa ya baba.

Munsef alitueleza kwamba ndani ya dawa hiyo kuna virusi wanaokula vijidudu vya chunusi.

— Wakimaliza chunusi watakula nini? aliuliza Bashir, tunayemwita Profesa. Nilimfundisha mimi, aliacha shule darasa la nne.

— Nyama, alijibu Spana, fundi wa magari. Halafu wahamie kwa bwana harusi.

— Nyamaza wewe, nilimkemea. Mtoto wa mwenzako huyo.

Nilisema daktari amemweleza Munsef kuwa virusi hao hawali kingine. Profesa akadai wataota mizizi hadi kwenye ubongo. Spana akaapa kwamba wajukuu watazaliwa bila nyuso. Munsef akanigeukia.

— Mwalimu, angekuwa binti yako?

— Ningeogopa, Bwana Munsef. Kama wewe.

Mama mmoja alitoka dukani amembeba mtoto, akaketi mwisho wa benchi kungoja teksi. Goti la mtoto lilikuwa limevimba, jekundu. Alituambia amelipaka antibiotiki ya jirani siku kumi, na mwenye duka amemwambia awahi hospitali, huenda vijidudu vimeshaizoea. Maneno yetu alikuwa ameyasikia.

— Kaka zangu, hiyo dawa ya zamani, tukiipaka ovyo mpaka ikatae kwetu sote, mtoto akijikwaa tumpake nini?

Profesa alitazama goti, akatazama pembeni. Teksi ikaja, ikawachukua.

Munsef alitoa simu, akakosea namba mara mbili.

— Yusra? Vaa, mwanangu, twende kwa daktari. Ndiyo, naogopa. Nakuja hivyohivyo.