Bi. Bosibori Nyaboke, Aliyewafuata Walioondoka

Ijumaa, tarehe 30 Novemba 2018, Bi. Bosibori Nyaboke anastaafu baada ya kuutumikia Mfuko wa Ngazi kwa miaka kumi na saba. Wengi wetu tunamwita Bosi, ingawa hajawahi kuwa na mtu wa kumwamuru. Hata chai alijipikia mwenyewe, kisha akatugawia.

Alizaliwa Nyamira, Kenya, akaja Johannesburg kufundisha hisabati katika shule ya sekondari huko Soweto. Baadaye wazazi Wakenya na Wakongo walioanzisha Mfuko wetu wakamwomba kazi moja. Kila kiangazi vyuo vikuu hufungua kambi za kuwaandaa vijana Weusi kwa masomo ya chuo. Awaambie ni kambi ipi inafaa kupelekewa watoto, na ipi ni maneno matupu.

Aliifanya kwa namna yake. Mkurugenzi akimwandalia hotuba, yeye aliomba kwanza aonyeshwe jikoni na vyooni. Hotuba za ufunguzi zilimletea usingizi, na hakuona haya kusinzia. Katika kambi moja ya Soweto walidhani ni nyanya wa mwanafunzi, wakampakulia pap, ule ugali wa huku, na maharage, akashinda na vijana mchana kutwa. Aliporudi ofisini alisema hajawahi kufanya tathmini nzuri kama ile.

Mimi nitamkumbuka zaidi kwa kiangazi kilichoanza Desemba 2015. Kambi kubwa kuliko zote ilikuwa inasifiwa kila mahali. Alama za hisabati zilikuwa zimepanda, na kamati yetu, chini ya mwenyekiti wetu Bwana Alexis, ilikuwa tayari kupeleka watoto wengi zaidi. Bosi akauliza habari za wale walioondoka kabla kambi haijaisha. Akajibiwa kwamba hao hawamo katika tathmini. Akachukua funguo za gari, nami nikamfuata.

Tulimkuta Jocelyne, binti wa miaka kumi na saba, katika karakana ya ushonaji ya mama yake, Mama Léocadie, huko Jeppestown. "Huyu mutoto hasemangi," mama alituambia bila kuinua macho kwenye cherehani. "Mumuulize mwenyewe."

Bosi hakuuliza. Alivuta kiti, akaanza kukata nyuzi zilizoning'inia kwenye sare za shule zilizokwisha kushonwa. Baadaye Jocelyne akaja kukaa kando yake, akaeleza kwa Kiingereza kilichochanganyika na Kiswahili cha nyumbani. Kila Ijumaa kambini walikuja wageni wafadhili, naye aliambiwa asimame aeleze walivyokimbia Kongo. Mara ya kwanza alieleza. Wageni waliguswa sana, kwa hiyo wiki iliyofuata akaambiwa aeleze tena.

"Nilienda kujifunza hesabu, Mama," alisema. "Wao walitaka nilie."

Cherehani ilinyamaza. Mama Léocadie hakuwa anajua. Aliinuka, akamfunika binti yake mabega kwa kitambaa alichokuwa anashona, ingawa ilikuwa Januari na joto kali.

Bosi aliomba ruhusa ya Jocelyne, kisha akayaandika bila kumtaja jina. Bwana Alexis alimsihi ayapeleke kurasa za mwisho. "Alama zimepanda, nimeandika," Bosi akajibu. "Mtoto amedhalilishwa, nimeandika pia. Yote mawili yako ukurasa wa kwanza, na yatabaki hapo." Mwaka ule hatukupeleka mtoto yeyote kambi ile.

Haikuwa rahisi. Mzazi mmoja wa Malvern alimwambia mbele ya watu kwamba amemfungia mwanawe mlango. Tukiwa njiani kurudi, robot ya Jules Street, zile taa za barabarani, iliwaka kijani, Bosi asiondoe gari. Magari ya nyuma yakapiga honi. Nilipogeuka kumtazama, alikuwa analia. "Eish, Kiplagat," aliniambia, "na kama yule baba ana haki?"

Kambi ile ilibadilika. Siku hizi wageni huketi darasani pamoja na vijana na kufanya nao hesabu, na hakuna anayelazimishwa kusimulia ya kwao. Watoto wetu wamerudi huko, pamoja na yule kijana wa Malvern. Jocelyne hakutaka kurudi, wala Bosi hakumshurutisha; alimtafutia kambi ndogo ya likizo ya Juni. Leo yuko mwaka wa pili chuoni, anasomea uhandisi. Nilimwomba asome ukurasa huu kabla haujachapishwa. Alifuta mistari miwili, akaruhusu iliyobaki.

Siku alipopata nafasi ya chuo alikuja ofisini kwetu, akasema kwa Kiswahili alichokifanyia mazoezi: "Mama, wamenichukua." Bosi alitoka nje kwenye korido, akakaa huko kitambo.

Sasa anabaki nyumbani na mjukuu wake, Kemunto, ambaye akisalimiwa kwa Kiswahili hujibu kwa Kizulu. Bosi amesema atalirekebisha hilo. Sisi tunamwonea huruma Kemunto.

Asante, Bosi, kwa miaka yote uliyotufundisha kuketi na mtu kabla ya kumpima. Upumzike salama baada ya kazi, ule kwa raha, usinzie bila hotuba, na Mungu akuongezee siku njema katikati ya watu wanaokupenda.

Kiplagat, kwa niaba ya wafanyakazi wote