Mlima Uliopimwa kwa Tepu

Mama aliyeketi mbele yangu kwenye basi alikuwa fundi cherehani. Tepu ya kupimia nguo ilikuwa bado inaning'inia shingoni. Abiria wa kando yake, ambaye hawakujuana kabla, alikuwa dereva wa lori, na ubishi wao kuhusu safari ya mama huyo na wenzake ya kupanda mlima kwa gari lake dogo ulikuwa umeshapamba moto.

"Dada, kwa kigari hicho cha milango miwili hufiki kokote," dereva alisema. "Mlima ule unataka gari la maana."

"Ni kidogo, kaka, lakini kinavuta kwa magurudumu yote manne. Hayo ya maana yanakwama kwenye yale majabali mawili." Alisema kwa upole, kama anayemwambia mteja kuwa amenenepa.

Kumbe mwezi uliopita alikuwa ameipanda njia yote ya mlimani kwa miguu, akiipima kwa tepu ile ile. Kati ya majabali, gari lake likikunjwa vioo vya pembeni litapita na kubakiza vidole vinne kila upande. Alijua wapi atapunguza upepo kwenye matairi na wapi abiria watashuka watembee. Mimi hupotea hata nikienda kwa shemeji yangu.

Dereva alijikuna kidevu. "Miaka ishirini barabarani, sijawahi kupima hata shimo." Kisha, kwa sauti ya chini: "Nafasi ipo?"

"Moja, kati ya tairi la akiba na madumu ya maji. Hebu inua mikono."

Akamzungushia tepu tumboni papo hapo. Basi likasimama kituoni kwangu. Nikateremka nikimwacha mwanamume mzima amebana pumzi, akisubiri kusomewa namba.