Kompyuta ya Anuari Inapelekwa Mjini

Asubuhi hiyo Hanifa alichelewa akifunga kuku miguu awapeleke kwa shangazi yake Singida mjini, ndiyo maana kwenye kosta alikaa nyuma kabisa. Siti ya mbele yake alikaa Anuari, mwenye banda la gemu pale Misigiri, amepakata kompyuta iliyofungwa kwa kanga.

"Shikamoo mama," Anuari alimsalimia muuza vitunguu aliyekaa naye. "Marahaba. Huyo mgonjwa unampeleka wapi?" "Haumwi, mama. Fundi anaiwekea Windows mpya, maana gemu mpya zinaikataa hii ya zamani." "Na gemu za zamani?" "Zinacheza vizuri tu." "Sasa unatafuta nini, mwanangu? Simu yangu ilinibembeleza niisasishe, nikakubali. Tangu siku hiyo tochi siioni!"

Anuari akacheka. "Fundi anasema anafuta kila kitu, anaanza upya. Itakuwa nyepesi."

Hanifa akashtuka, kuku wakapiga kelele kwa niaba yake. Humo ndani ulikuwemo msimu wake wa gemu ya mpira aliyokuwa akicheza bandani kwa Anuari, mechi thelathini na moja bila kufungwa. Kusema mbele ya gari zima aliona haya. Akatoa simu ya mama yake, akaandika WhatsApp: "Kaka Anuari, hamisha kwanza misimu yetu kwenye flashi. Hanifa."

Simu ikalia mfukoni mwa Anuari, chini ya kompyuta. "Simu yako hiyo," muuza vitunguu akasema. "Nikiinua hili dude litaanguka. Itasubiri."

Gari likasimama stendi. Fundi alikuwa ameshafika na pikipiki. Kabla Hanifa hajateremka kutoka nyuma, Anuari akapanda, kompyuta kifuani, na Hanifa akabaki na kuku wake, akitazama tiki mbili za kijivu: ujumbe umefika, haujasomwa.