Mapenzi Aliyeitikia Jina la Mama Yake

Amani iwe nanyi, wasikilizaji wapendwa. Mlio Waa, mlio Gazi, mlio Msambweni, na nyinyi wa Mkongani mliotoka shamba sasa hivi. Kama jirani yako hana redio, mwite aje aketi. Leo hatuna ngoma wala mashairi. Leo tunamkumbuka msichana mmoja.

Jina lake ni Mapenzi. Mapenzi binti Mwero, wa Waa. Naomba mlishike jina hilo. Wako watu waliosoma naye, wakala naye chakula, wakamlilia, na hawakulijua.

Mapenzi alifariki mwaka huu, mvua za masika zilipokuwa zikielekea kwisha. Alikuwa bado hajaolewa. Alikuwa mwanafunzi wa kozi ya biashara ndogondogo pale Kwale, kozi waliyotuletea watu wa maendeleo baada ya Uhuru.

Nilikwenda kwao Waa. Mama yake alinitandikia mkeka upenuni, tukazungumza. Sasa sikilizeni vizuri hapa. Mama yake anaitwa Bibi. Si kwa heshima tu. Bibi ndilo jina alilopewa na wazazi wake siku alipozaliwa. Kisha akaolewa na Mwero. Kwa hiyo ni Bibi Mwero.

Mwero alikuwa mkwezi wa minazi. Mkewe alikuwa akishona makuti. Mnaijua kazi hiyo. Jani la mnazi linakunjwa juu ya kijiti, linashonwa kwa kamba, linafuata jingine. Bibi alikuwa akiyapanga kando ya barabara ya kwenda Ukunda, akingoja apite mtu ambaye nyumba yake inavuja. Hiyo ndiyo ilikuwa biashara yao.

Kozi ilipotangazwa, nafasi ilikuwa moja kwa kila nyumba. Mwero akamwandikisha mkewe. Kozi haijaanza, Mwero akaugua kifua, akafariki. Bibi akaingia eda.

Tuliokaa eda tunajua. Miezi minne na siku kumi. Hutoki ila kwa dharura. Hujipambi. Unakaa ndani na Mola wako.

Chome, nduguye Mwero, akashuka kutoka Mkongani. Akasimama mlangoni, akasema na shemeji yake.

"Shemeji, siwezi kumwacha mke wa ndugu yangu ale upepo. Ukitoka eda na jiko lako linawaka, utakaa hapa hapa. Lisipowaka, nitakuja niwachukue, wewe na mtoto, mkakae kwangu."

Chome si mtu mbaya. Nimezungumza naye. Alikuwa akisema la haki. Lakini Bibi hakutaka kuihama nyumba aliyojengewa na Mwero. Alilia siku ile, na Mapenzi alimwona.

Basi kozi ilipoanza, Mapenzi akaondoka asubuhi, akapanda mlima hadi Kwale. Mwalimu alikuwa Bwana Mwanzia, mtu wa Ukambani, miongoni mwa waliopewa mashamba kule Shimba Hills. Akaita majina.

"Bibi Mwero!"

Kwa Bwana Mwanzia, Bibi ni heshima tu, kama vile kumwita mwanamume Bwana. Mapenzi akasimama.

"Nipo, Mwalimu."

Alasiri ile alirudi akamweleza mama yake. Mama akashtuka. Haya ni maneno yao, kama Bibi alivyonisimulia. Mapenzi alimwita mama yake mayo, kama Wadigo wanavyomwita mama.

"Umesema uongo, Mapenzi?"

"Sikusema, mayo. Ameita bibi wa kwa Mwero. Na mimi nimetoka wapi, kwa jirani?"

"Bibi ni mimi!"

"Basi mayo, ulikuwepo."

Bibi aliniambia, "Nilimkemea huku ninacheka. Na mwenye eda hacheki namna ile. Jirani akagonga ukuta."

Ikawa hivyo mara mbili kila wiki, wasikilizaji wapendwa. Mapenzi anasoma Kwale, kisha anakuja kumsomesha mama yake ndani. Anafunga mkono mmoja mgongoni kama Bwana Mwanzia. Anaigiza na sauti yake.

"Wewe mama wa huko nyuma! Biashara ni nini?"

"Biashara ni kuuza."

"Hapana! Biashara ni kujua nani atanunua. Keti."

"Nimeketi tangu mwezi uliopita, Mwalimu."

Siku nyingine lilikuwa somo la mtaji. Mtaji usiliwe. Bibi akauliza, na makuti ninayotoa kwa ajili ya paa la msikiti, je? Mapenzi akafikiri. Somo lililofuata alimwuliza mwalimu, na mwalimu naye akafikiri. Wakakubaliana kwamba sadaka itoke katika faida. Bibi akaridhika. Alisema, "Hapo nilijua kwamba mwanangu anasoma, hakai tu kwenye benchi."

Kisha likaja lile somo la mnunuzi. Mapenzi alichukua kuti moja, akalifunga kwa kamba, akaenda nalo hadi Diani. Kule hoteli zinajengwa ufukweni, nyingine zinaezekwa kwa makuti. Akamwonyesha fundi mmoja. Fundi akalipima kwa mkono. Akamwambia, fupi mno, na majani yamekaa mbalimbali. Ukileta marefu, yaliyoshonwa karibu karibu, nitachukua yote utakayokuwa nayo.

Mapenzi akarudi na habari hiyo. Mama yake hakupendezwa.

"Makuti ni makuti. Mvua haijui hoteli."

"Mvua haijui, mayo. Lakini fundi anajua."

Wakafumua. Wakaanza upya. Bibi anashona ndani, Mapenzi anakata na kubeba nje, na majirani wawili watatu wakaja na sindano zao. Lundo likapanda hadi kwenye dirisha. Lori la hoteli liliahidiwa kuja wiki ile ile Bibi atakapotoka eda. Mapenzi alikuwa akimwambia mama yake, "Baba mdogo Chome akija, atakuta jiko linawaka, na moshi utamtoa machozi." Ndilo alilokuwa akilitaka, wasikilizaji. Mama yake atoke eda aingie kwenye kazi yake mwenyewe, nyumbani kwake mwenyewe.

Asubuhi moja Mapenzi alikwenda kwenye lundo la majani mabichi nyuma ya nyumba. Akaingiza mkono kuvuta jani la chini. Nyoka alikuwa amelala humo.

Mapenzi alipiga ukelele mmoja. Bibi alikuwa ndani. Bibi akatoka mbio, bila viatu. Wanawake waliokuwapo wakapaza sauti, "Eda, Bibi! Eda!" Bibi akawajibu, "Eda ni ya mume. Huyu ni mwanangu."

Nilimwuliza mwalimu wa madrasa juu ya jambo hilo, maana Bibi mwenyewe limemsumbua. Akaniambia dharura ina hukumu yake, na Mwenyezi Mungu anamjua mama. Nalisema hapa ili Bibi alisikie tena.

Wakamlaza Mapenzi juu ya kitanda cha kamba, wakambeba hadi barabarani. Bibi anakimbia kando, ameshika mguu wa kitanda. Lori la mchanga likasimama, likawachukua kuelekea hospitali ya Kwale. Mlimani, Mapenzi akafumbua macho. Akamwona mama yake nje ya nyumba, kichwa wazi, mchana kweupe.

Akasema, "Mayo, rudi ndani."

Hakusema jingine. Hawakufika.

Mapenzi alizikwa Waa alasiri ile ile. Bibi akarudi ndani, kama alivyoambiwa.

Sasa habari zikafika Kwale. Dereva wa lori alieleza, watu wakaelezana. Wengine walisema ni wa kwa Bibi Mwero. Wengine wakafupisha maneno wakasema ni Bibi Mwero. Wanafunzi wenzake wakasikia kwamba mwenzao Bibi Mwero wa Waa amefariki. Siku ya tatu ya matanga wakaja, wanawake kwa wanaume, na unga na sukari. Mbele yao alikuwa Nzembi, mama wa Kikamba aliyekuwa akikaa na Mapenzi benchi moja. Walikuwa wakigawana mihogo.

Nzembi alipiga hodi. Akaingia kwa adabu, akapiga magoti mbele ya mama aliyevaa nguo za eda.

"Pole sana, mama. Wewe ndiwe mama yake Bibi?"

"Bibi ni mimi."

Nzembi akatazama wenzake.

"Samahani, mama. Sisi tumekuja msiba wa Bibi Mwero."

"Bibi Mwero ni mimi, mwanangu. Mimi ni mzima."

Nzembi aliniambia hakuelewa. Alidhani mama yule huzuni imemzidi. Kisha akaelewa. Akauliza taratibu:

"Kwani yule wetu aliitwa nani?"

"Mapenzi."

Nzembi akanieleza, "Nilikaa naye tangu kozi ianze. Nilijua anapenda mihogo ya kuchoma, na kwamba hucheka kabla hajamaliza kusema. Jina lake nililisikia akiwa kaburini. Mapenzi mwenyewe alikuwa ameniambia kwamba siku ya mwisho ya kozi ana jambo la kutuchekesha. Nadhani ndilo hilo."

Wanawake wale walikuwa wameshalia njiani. Wakalia upya.

Eda ya Bibi ikaisha. Akaoga, akabadili nguo, akatoka. Asubuhi ile ile Chome akafika kutoka Mkongani na mkokoteni wa kubebea vyombo. Alikuta lundo la makuti marefu ukutani, na wanawake mkekani.

"Haya ya nani?"

Bibi akamjibu, "Ya Mapenzi. Hayajatimia. Lori linakuja."

Chome akauegemeza mkokoteni, akavua kanzu, akabaki na kikoi. Akaketi kwenye mkeka wa wanawake, akaomba aonyeshwe jinsi ya kukunja jani. Mwanamume wa umri wake! Mmoja alianza kucheka, akaacha.

Nilimwuliza Chome kwa nini. Akasema, "Nilikuja kuchukua vyombo. Sasa ningechukuaje vyombo, na kazi ya mtoto iko katikati?"

Bibi akaniambia kando, "Makuti yake yote yalipinda. Alipokwenda kuswali adhuhuri, tukayafumua." Hiyo ndiyo mara moja tu niliyomwona akitabasamu.

Lori likaja. Makuti yale sasa yako juu ya paa kule Diani. Fundi ameagiza mengine. Jiko la Bibi linawaka. Hakuhama. Yuko Waa, nyumbani kwake, peke yake.

Kozi ilikuwa imebaki na masomo machache. Bibi akaamua kwenda. Akapanda mlima ule ule. Akaketi kwenye benchi, mahali pa mwanawe, karibu na Nzembi. Bwana Mwanzia alikwisha elezwa yote. Akaita majina. Alipofika pale, sauti ikampungua, lakini akaita. Bibi Mwero.

Bibi aliniambia, "Niliambiwa baadaye kwamba aliita mara tatu. Mimi nilisikia tangu mara ya kwanza. Lakini nilikuwa nangoja aitikie yeye."

Wasikilizaji wapendwa, Bibi aliniomba jambo moja. Kwamba nilitangaze jina la mwanawe, kwa sababu wako wanaodhani aliyekufa ni mwingine. Basi nasema. Aliyefariki ni Mapenzi binti Mwero, wa Waa. Bibi, mama yake, yu hai. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Pole zetu zikufikie, Bibi. Zimfikie Chome na wa nyumbani kwake Mkongani. Zimfikie Nzembi, Bwana Mwanzia, na wanafunzi wote wa Kwale. Mwenyezi Mungu ampe Mapenzi kauli thabiti, amlaze mahali pema.

Nasi tuliobaki tufikiri kidogo. Kwa mume, sheria imetupa miezi minne na siku kumi. Kwa mwana, imetupa siku tatu. Sibishani na sheria. Aliyeiweka anajua zaidi. Lakini siku hizo tatu, Bibi alizimaliza ndani ya eda nyingine, na siku ya nne mikeka ilikunjwa, watu wakaenda makwao, kama ilivyo desturi yetu. Hakuna aliyekosea.

Basi wewe unayepita Waa leo, au kesho, au baada ya mavuno, simama. Piga hodi. Usimwulize habari za makuti. Mwambie umekuja kwa ajili ya Mapenzi, kisha uketi.