Mkono Uliofunga Saa za Watu

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya kusimama nyuma ya meza ileile ya kioo, Shangazi wetu anastaafu tarehe 30 Juni. Jina lake la kwenye hati za mshahara lipo, ila ukiliita humu ndani hakuna atakayegeuka, hata yeye mwenyewe. Meneja humwita Shangazi, mlinzi humwita Shangazi, na wateja wakubwa wanaokuja na madereva wao nao wameishia kumwita hivyohivyo. Nimeombwa niandike machache juu yake kwa sababu mimi ndiye fundi saa wa chumba cha nyuma cha duka hili, na dirisha langu dogo linatazama moja kwa moja sebuleni wateja wanakopokelewa. Nimeona mengi. Nitasema ninayoruhusiwa, na mawili matatu nisiyoruhusiwa.

Alipoanza kazi, sebule hii ya saa ilikuwa chumba kimoja chenye feni, makochi mawili ya ngozi na kabati moja la kioo. Zulia halikuwepo, mashine ya kahawa ndiyo kabisa. Wiki yake ya kwanza alifanya kituko ambacho mimi nilikikuta kikisimuliwa, na mpaka leo kinasimuliwa. Saa zikiwa kabatini husimamishwa zote saa nne na dakika kumi, kwa kuwa mishale ikikaa hivyo saa hupendeza machoni. Shangazi hakuambiwa. Aliwahi kufika asubuhi, akazikuta zote zimelala, akazionea huruma. Akazitia ufunguo na majira moja baada ya nyingine mpaka kabati zima likawa linatikatika. Meneja wa enzi hizo aliposikia ule mlio, nusura aketi sakafuni.

Akitaniwa kwa kituko hicho, hujibu kwamba ile ndiyo siku pekee saa za humu ndani zilisema kweli. Na wallahi hana uongo. Tumezungukwa na saa za kifahari, lakini tukitaka kujua kama muda wa chakula umefika, mlinzi hutoka nje kumwuliza mshona viatu.

Kununua saa kwa Shangazi kulikuwa ni ziara. Mwenye haraka alikuwa anaonyeshwa kochi kwanza. Kahawa ikiletwa, Shangazi alikuwa akiuliza habari za nyumbani, na kwa nini saa, na kwa nini sasa. Bei ilikuwa haitajwi. Kisha alitandika kitambaa cha mahameli na kutoa saa tatu tu, hata kama mteja amekuja kuona thelathini. Alikuwa akisema mwenye kuona nyingi huenda nyumbani na maumivu ya kichwa. Aliigeuza saa, akaonyesha mgongo wake wa kioo na magurudumu madogo yanavyozunguka ndani, halafu akaisogeza kwenye sikio la mteja na kunyamaza. Nimewaona watu wazima, wenye vyeo vyao, wamefumba macho wakisikiliza saa kama watoto wanaosimuliwa hadithi.

Kuna binti aliyemleta baba yake, mwashi, amnunulie saa. Mzee alikuwa ameficha mikono chini ya meza, maana saruji ilikuwa imeipasuapasua na ile mahameli ilikuwa nyeupe. Shangazi alivua glavu zake, akazitia kwenye mtoto wa meza, akamnyooshea mkono kama mtu anayesalimia shambani. Mzee akautoa wake. Baada ya hapo hakuurudisha chini tena, na mimi kule nyuma nilipata kazi, kwa sababu kifundo kile cha mkono kilihitaji mnyororo wa saa uongezwe pingili tatu. Binti alilia kidogo. Shangazi alijifanya anatafuta mkasi.

Sasa nieleze kanuni ya nyumba hii, kwani bila hiyo hamtaelewa yaliyobaki. Hapa, aliyeuza ndiye anayefunga. Saa haitoki kwenye boksi ikaingia kwenye mfuko. Muuzaji huivisha mkononi kwa mteja, huchomeka bizimu ya mkanda, hunyoosha, na hapo ndipo biashara inahesabika imekwisha. Asiyeweza kufunga hauzi. Huhamishiwa stoo au hupewa barua yake. Shangazi alikuwa bingwa wa kufunga. Mteja alikuwa hasikii hata alipoguswa.

Miaka minne iliyopita mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Kwanza kidole, halafu kiganja. Hakumwambia mtu ila mumewe, ambaye alianza kumfunga vifungo vya blauzi kila asubuhi kabla hajatoka. Kazini aliutia mkono mfukoni. Aliipenda sebule hii kupita kiasi, na alijua kanuni kuliko sisi sote, maana mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwafundisha wageni. Siku bizimu itakapomshinda mbele ya mteja, safari yake imekwisha.

Basi akaja mtu na mkewe. Bwana akachagua saa yake, na wakati wa kufunga ukafika. Shangazi akaisukuma saa kwa mama, akamwambia amfunge yeye, kwa sababu muuzaji ataisahau saa hii kesho, ila yeye ataiona kila siku. Yule mama alisita. Kisha akamshika mumewe mkono, akahangaika na ile bizimu, wakacheka, na yule bwana akaona haya kama bwana harusi. Walitoka wameshikana.

Habari zikasambaa kuliko tangazo lolote tulilowahi kulipia. Wakaanza kuja mama na mwana, ndugu na ndugu, marafiki wa tangu shule, kila mmoja anataka kufungwa saa na mtu wake. Meneja wetu, kijana mwenye kupenda mambo mapya, akaleta kioo kirefu na taa nzuri, akachapisha na kadi zinazomwomba mteja aje na ampendaye. Makao makuu yakampongeza. Sisi kule nyuma tulikuwa tukisema Shangazi kazeeka vizuri, kawa mwanamapenzi. Hata mimi, mwenye dirisha, sikushtuka kwamba mkono haukutoka mfukoni tena.

Hivyo ndivyo alivyopitisha miaka miwili. Halafu akaja mzee mmoja, mpiga chapa mstaafu, peke yake. Alichagua saa nyembamba yenye mkanda wa ngozi ya kahawia, ambayo kwa maneno yake alikuwa akiitazama kutoka nje ya kioo tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Shangazi akamwuliza nani atamfunga. Mzee akajibu kwa upole kwamba hana. Mkewe amefariki, watoto wako mbali na wana maisha yao.

Shangazi akageuka kututazama. Mlinzi alikuwa mlangoni, muuzaji wa meza ya pili ameenda kula, mimi nilikuwa na saa ya mtu imefumuliwa mezani. Angeniita ningekuja, na siri yake ingebaki. Hakuita. Aliutoa mkono mfukoni.

Ulikuwa unatetemeka kweli. Ncha ya bizimu ikatafuta tundu, ikakosa, ikatafuta, ikakosa. Mlinzi akaacha mlango. Mimi nikaacha kibisibisi. Mzee hakuuvuta mkono wake.

“Polepole, dada,” alisema. “Mimi sina ninakokimbilia.”

“Ni ugonjwa, kaka,” Shangazi akasema, kwa sauti ambayo sote tuliisikia. “Una miaka miwili, na hawa hawajui.”

“Sasa wamejua. Endelea.”

Akaendelea, na mwisho ncha ikaingia. Mzee akautazama mkono wake, akamshukuru, akaondoka na saa yake. Shangazi akatugeukia, akatueleza yote tangu mwanzo: kidole, mfuko, vifungo vya blauzi, na jinsi utaratibu wetu maarufu ulivyozaliwa na hofu yake ya kufukuzwa. Nasema bila haya kwamba nililia, na mlinzi, jitu zima lile, alilia kunishinda. Kisha Shangazi akachukua mkoba wake akaingia kwa meneja kuaga.

Alikaa humo muda mrefu. Meneja ndiye aliyetutolea habari, macho mekundu, kwamba kanuni ya nyumba imebadilika kuanzia leo: anayeuza ni anayejua kuuza. Shangazi atabaki mezani mpaka tarehe yake halali ya kustaafu, na atakayemtazama vibaya ataonana na yeye. Mkoba ukarudi kwenye msumari wake.

Kwa hiyo miaka hii miwili ya mwisho tumeipata kama nyongeza, na tumeifaidi. Amewafundisha vijana wetu wote kunyamaza mteja anaposikiliza saa, jambo gumu kuliko linavyoonekana. Yule mzee mpiga chapa huja kila mwezi kurekebishiwa mkanda, na kama fundi natoa ushahidi kwamba mkanda ule hauna shida yoyote. Anakunywa kahawa, anaongea na Shangazi na mumewe anayekuja kumchukua jioni, kisha wanatoka wote watatu wakibishana.

Shangazi, kwa niaba ya chumba cha nyuma, meza ya mbele na mlango, ahsante. Ulitufundisha kazi, ukatulea, ukatusema pale tulipostahili, na mara nyingine hata pale ambapo hatukustahili. Tutakukosa asubuhi, na tutakukosa zaidi wateja wagumu wakiingia. Tunakuombea afya, usingizi mnono, mume asiyechoka kubishana, na wajukuu wasikivu.

Limebaki ombi lake moja kwa siku ya sherehe, na ameagiza liandikwe hapa ili mtu asije akaharibu. Keki ataikata mwenyewe. Mkwewe alijitolea kumshikia kisu, meneja naye akajitolea, wote amewakatalia. Maneno yake ni haya: “Nimeuficha mkono huu vya kutosha. Siku hiyo uacheni uonekane.”

Basi, wageni wetu waheshimiwa, kisu kitatikisika. Msikimbilie kusaidia, msitazame pembeni, wala msipige makofi ya huruma. Vipande havitalingana, vingine vitapinda, vingine vitaanguka ubavu. Kitakachokufikia, kipokee kwa mikono miwili.