Bi Mwanapili Simai na Darasa la Wakwe wa Bwejuu

Tarehe 31 Desemba 1971 Bi Mwanapili Simai anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kufundisha. Ofisi yetu ya elimu ya watu wazima inabaki na meza yake, kiti chake, na kabati ambalo ufunguo wake bado hajautoa.

Alianza Januari 1941 katika skuli ya wasichana hapa mjini. Waliosoma kwake wanakumbuka kopo la chaki alilokuja nalo mwenyewe kutoka nyumbani, kwa kuwa chaki za skuli, kwa maneno yake, zilikwaruza ubao kama kucha za paka. Mwaka 1964 alihamia kwetu, akawa mkaguzi wa madarasa ya watu wazima.

Inafaa tueleze kidogo kazi hii. Kumfundisha mtu mzima si kumfundisha mtoto kwenye benchi kubwa zaidi. Mtu mzima ana nyumba, ana shamba, ana heshima yake mbele za watu. Heshima hiyo ikiguswa hagombi wala halalamiki. Haji tu.

Mwaka 1969, akiwa na miaka hamsini na mitatu, Bi Mwanapili alipelekwa Dar es Salaam kwa masomo ya juu ya uongozi wa elimu na elimu ya watu wazima. Wenzake wote walikuwa na shahada. Yeye alipokewa kwa uzito wa kazi yake. Siku ya kwanza alipoingia, darasa zima lilisimama na kumwamkia shikamoo, wakidhani ndiye mhadhiri. Akaitikia marahaba, akaenda kukaa kiti cha nyuma.

Kila mwanafunzi alitakiwa achague darasa moja lenye matatizo aeleze liongozwe vipi. Bi Mwanapili alichagua darasa la alasiri la kina mama wa Bwejuu. Alikuwa amelikagua kabla ya safari: waliojiandikisha kumi na tisa, waliohudhuria watatu. Katika ripoti yake aliandika kwamba mwalimu, Bwana Kificho Jaku, hana bidii. Kwa ripoti hiyo ikaamuliwa kwamba wasipofika kumi hadi mwisho wa Juni 1970, darasa lifungwe na mwalimu aondolewe kazini.

Alirudi Bwejuu na maswali arubaini yaliyopigwa chapa. Kina mama walijibu vizuri sana: watoto wanaumwa, kazi nyingi, mwalimu hana neno. Msimamizi wake chuoni aliyasoma majibu, akamrudishia na maneno machache pembeni: "Wamekujibu kwa adabu. Waulize tena."

Safari ya pili aliacha karatasi mkobani, akakaa nao siku tatu wakipiga makumbi ya kusokotea kamba. Siku ya tatu Bi Mwanakheir, mkubwa wao, akachoka naye.

"We Mwanapili, hivyo hujui kama Kificho nshamuoza mwanangu? Mie nkae mbele ya mkwe wangu, nkosee, anambie futa? Bora nisijue hiyo alifu."

Wengine wakacheka, kisha mmoja mmoja wakakiri. Huyu dada wa Bi Mwanakheir, yule binti wa ami yake. Na Bwejuu mkwe wa mmoja ni mkwe wa ukoo mzima. Kati ya wale kumi na tisa, kumi na wanne walikuwa wakwe wa mwalimu. Naye Kificho alijua. Lakini kusema kungekuwa kumshitaki mama mkwe wake, kwa hivyo kila asiyefika alimwandikia daftarini "mvua", hata kiangazi.

Bi Mwanapili akaomba Bwana Kificho abadilishane kituo na Bwana Mmanga wa Chukwani, ambaye hakuwa na ukoo Bwejuu. Mwisho wa Juni walikaa darasani kina mama ishirini na mmoja, wakiwamo waliojiandikisha upya. Ripoti yake ya zamani hakuificha. Nakala yake aliiambatanisha na kazi yake ya chuo na chini yake akaandika: "Mkaguzi alikosea. Hakuuliza." Alifaulu vizuri, na tangu hapo kila mwalimu mpya anayeletwa kwetu huulizwa kwanza ameoa wapi. Hucheka, kisha hujibu.

Bwana Kificho, hata hivyo, alikwenda Chukwani kinyonge, kama mtu aliyefukuzwa. Mwaka huu, kabla ya Idi, alipata barua ya mistari michache, herufi kubwa kubwa, imeandikwa na Bi Mwanakheir kwa mkono wake:

"Mkwe wangu Kificho. Hukuwa mwalimu mbaya. Mimi ndiye niliyeona haya. Barua haina uso, ndiyo maana naweza kukwambia. Idi njooni nyote, wewe na mkeo."

Aliileta ofisini akauliza kama inaweza kuwekwa katika jalada lake. Bi Mwanapili hakuomba ruhusa ya mtu. Alifungua jalada, akaiweka juu ya ile ripoti ya 1969, akaifunga kwa uzi.

Bi Mwanapili, tunakushukuru kwa kazi na kwa subira. Mungu akupe afya na raha huko Mpendae pamoja na wajukuu. Nalo jalada la Bwana Kificho litabaki hivyo hivyo ulivyolipanga, barua juu.